Mtunza Mikunga na Mtaro wa Nyuma ya Jiko

Wasifu huu umeandikwa na dada wa marehemu, ndiye mimi ninayeusoma. Mchapaji alinipigia simu jana mara mbili kuniambia maneno yamezidi ukurasa. Nikamwambia apunguze herufi, asimpunguze marehemu. Kwa hiyo mkiona maandishi madogo kama sisimizi, msinilaumu. Mwenye miwani avae, na asiye nayo anisikilize mimi.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, saa nne asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba yetu alikuwa mchoma matofali, na mama alikuwa akiyaanika mabichi juani. Tulizaliwa wawili tu, mimi nikimtangulia kwa miaka mitano. Siku ile niliitwa chumbani nimwone mdogo wangu. Nilimwangalia, nikasema, "Mchafu huyu, aoshwe." Mama alilisimulia jambo hilo mpaka mwisho wa uhai wake, na naona wengi wenu mnacheka kwa sababu mnanijua.

Udongo wa matofali ulichimbwa hapo hapo nyuma ya tanuru, na mashimo yake yalijaa maji yaliyoingia kutoka mtoni. Watoto wengine waliogelea humo. Marehemu yeye alikuwa akilala kifudifudi ukingoni, kidevu chini, macho kwenye matope. Ukimwuliza anaangalia nini, anakujibu, "Yule pale." Wewe huoni kitu. Ukivumilia sana ndipo unaona kitobo kidogo, na ndani ya kitobo ncha ya pua. Ni mkunga, yule samaki mrefu mwenye umbo la nyoka, amejichimbia mwili mzima na kuacha pua tu nje. Mimi nilikuwa naona pua nakimbia. Yeye alikuwa anaona pua anasogea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza 1971, kisha sekondari kuanzia 1972 hadi 1975. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Akiwa darasa la nne, mwalimu wa sayansi aliuliza kwenye mtihani samaki wanaishi wapi. Wenzake wote waliandika majini. Yeye aliandika, "Inategemea samaki. Wengine kwenye matope." Mwalimu akamkata alama. Jumatano iliyofuata marehemu alikwenda shule na ndoo ya matope, akaitua juu ya meza ya mwalimu.

"Nini hii?" mwalimu akauliza.

"Jibu langu."

"Mbona naona matope tu?"

"Tia kidole, mwalimu."

Masikini mwalimu wa watu akatia kidole. Wanasema ukelele wake ulisikika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu, na ndoo ikaenda chini na vyote vilivyokuwemo. Marehemu alirudishiwa alama yake, akapewa na adhabu ya kupiga deki darasa zima. Alirudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi, anatabasamu. Mimi ndiye niliyemfulia ile sare, mara tatu.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa samaki kama mtunza matangi, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na moja. Niwaeleze ile kazi, maana hata ndani ya ukoo wapo waliodhani anafuga samaki wa kuuza. Kila tangi liligawanywa pembe nne: pembe ya matope, ya mchanga, ya changarawe, na ya mawe. Jioni unamtia mkunga katikati, unafunika. Asubuhi unakuja kuangalia amelala wapi, unaandika. Kesho tena. Mwaka mzima tena. Ukimwuliza marehemu kazi vipi, anakwambia, "Mimi nawauliza wanapenda kulala wapi, wao wananijibu." Nikamwambia, hata mwenye nyumba ya wageni anafanya hivyo, na hajiiti mtafiti.

Lakini alikuwa akijua mambo. Alijua kwamba wale wadogo, wembamba kama kamba ya kiatu, wanapenda changarawe, kwa kuwa wanapenya tu kati ya vijiwe bila kutoa jasho. Wakinenepa wanahamia kwenye matope. Na si matope yoyote: yawe laini lakini yashikane, shimo lisibomoke. Mkunga anaingia kwa kichwa, anajipinda humo ndani, halafu pua inatokeza mahali pengine kabisa, wewe umekodoa macho kule alikoingilia. Kuna mwaka kituo kilijaribu tangi lenye sakafu tupu ya saruji. Mikunga walizunguka humo bila kupumzika, wakitafuta pa kuingia, mpaka pua zikachubuka. Marehemu alikuja kwangu siku hiyo akakataa chakula. Alisema, "Dada, kiumbe akikosa pa kujificha hata kula hali." Kesho yake aliwamwagia matope bila kuomba ruhusa ya mtu.

Walikuja wataalamu wenye kamera zao shingoni. Mmoja alisimama mbele ya tangi akasema, "Hili tupu, tulitumie kwa kazi nyingine." Marehemu akamwambia, "Wamo wanane." Yule bwana akacheka. Marehemu akachukua kijiti akamwonyesha kitobo kimoja kimoja, mpaka cha nane. Tangu hapo ikawa sheria ya kituo: hakuna kusema tangi tupu mpaka limetazamwa siku kumi mfululizo. Akapaka rangi vibao vya "WAMO" akavining'iniza kwenye kila tangi. Nasikia bado vipo.

Mwaka 1986 suruali yake ya mpira, ile ya kuingilia majini, ilichanika nyuma, akaipeleka kwa fundi cherehani wa sare za shule. Fundi alikuwa binti mwenye ulimi mwepesi. Akaishika kwa ncha za vidole viwili akamwuliza, "Kaka, humu ndani alikufa nani?" Marehemu akaanza kumweleza. Alieleza mpaka fundi akafunga duka. Alirudi kesho yake kumalizia maelezo, na kesho kutwa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Juni 1987, na wifi yangu anasema maelezo yenyewe hayajaisha hadi leo. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja. Alikuwa mume mpole na baba wa kuchekesha, ila ndani ya nyumba yake hukuweza kugusa ndoo bila kuuliza.

Hapa naomba mnivumilie. Wasifu husimulia habari za marehemu, na hii ni yangu mimi. Nimekaa nayo karibu miaka thelathini na mitano. Nilikuwa nimepania kuiruka, na mchapaji angeshukuru, lakini mtaona kwa nini sikuweza.

Mwezi wa tano mwaka 1990 wifi alijifungua mtoto wa kwanza, nami nikaenda kumsaidia. Mnajua kazi yangu: mkuu wa chumba cha kufulia nguo hospitalini, watu wanne chini yangu, na shuka chafu sikuweza kuipita nikalala. Wakati huo huo matangi ya kituo yalikuwa yanakarabatiwa, na marehemu alikuwa ameleta nyumbani mkunga mmoja, akamweka barazani kwenye karai kubwa lenye matope, na maji kidogo juu. Alimwita Wa Tisa. Alikuwa amemfuatilia miaka miwili kasoro mwezi. Mwezi huo ukiisha, majibu yanapelekwa, na marehemu anapelekwa chuo cha uvuvi mwaka mzima, arudi na cheti. Hayo yote mimi sikuyajua. Nilichojua ni kwamba kuna mtoto wa siku tano, nguo zake zimejaa, na barazani kuna karai zuri limekaa na matope yanayonuka.

Jumatatu tarehe 14 Mei, saa tano asubuhi, nilichungulia lile karai. Sikuona kitu. Nikalibeba mpaka nyuma ya jiko, kwenye ule mtaro unaopeleka maji ya chemchemi mtoni, nikalimwaga. Matope ya mwisho yanadondoka ndipo nikaona mkia. Mweusi, mnene kama mpini wa nyundo. Ukazama kwenye matope ya mtaro na kutoweka. Kisha, sijui niseme nini, nilikwenda kulisugua karai kwa sabuni na majivu, nikaloweka nguo za mtoto.

Alirudi jioni. "Dada, liko wapi karai langu la barazani?"

"Hilo hapo, nimelisugua. Ona linavyong'aa."

"Lilikuwa na mkunga."

"Halikuwa na kitu," nikamwambia. "Labda alitoka mwenyewe."

Aliniangalia, akaliangalia karai. "Inawezekana," akasema, akaenda kumpakata mtoto.

Hivyo ndivyo nilivyomdanganya mdogo wangu kwa macho makavu, na mikono yangu bado inanuka matope. Wiki iliyofuata alimwambia mkuu wa kituo kwamba alisahau kufunika karai. Chuo akaenda mtu mwingine. Cheti alikuja kukipata baada ya miaka kumi na moja, kwa kusoma jioni, na watoto watatu wakimpanda mgongoni. Hakunilaumu hata kwa jicho. Ila kila karai na kila ndoo ya nyumba ile ilipata kibao chake kipya, kimeandikwa "YUMO". Kila nilipokwenda kuwasalimia vibao vile vilikuwa vinanichoma. Mara ngapi nilifungua mdomo nimwambie! Nikaishia kuomba chumvi.

Mwaka 2004 halmashauri ilikuja kuitia saruji mitaro ya mtaa wao. Wote tulifurahi, mimi zaidi. Marehemu akavaa buti zake za mpira akasimama ndani ya mtaro, nyuma ya jiko lake. "Mita sita hizi niachieni," akamwambia mhandisi. Majirani wakacheka. Nilikuwepo, nikampigia kelele: "Toka humo, unatuaibisha! Mbu watawamaliza wanao!"

"Dada," akasema taratibu, "mtaro huu hauna mbu."

Na kweli haukuwa na mbu. Mtaa mzima ulikuwa nao isipokuwa pale. Wala sikujiuliza kwa nini, maana nilikuwa na haraka ya kukasirika. Mhandisi alichoka, akaziacha mita sita za matope kati ya saruji ya juu na saruji ya chini, na zipo mpaka leo.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2018. Agosti 2023 miguu yake ilianza kuvimba, buti zikakataa kuingia, na daktari akasema ni moyo. Aliugua kwa mwaka na nusu bila manung'uniko. Wodini alikuwa akijifunika blanketi gubigubi, akaacha pua tu. Siku moja muuguzi mgeni aliingia akatangaza kwamba kitanda cha sita mgonjwa katoka. Sauti ikatoka chini ya blanketi: "Nipo. Ungesubiri kidogo." Wodi nzima ilicheka, hata waliokuwa wamekatazwa kucheka kwa sababu ya mishono. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa ameshika mkono wake. Alikuwa amebakiza wiki tano atimize miaka sitini na saba.

Kabla ya hapo alimwambia mkewe neno moja kuhusu mazishi: "Msinimwagie saruji." Wifi akaniambia. Nikasema mgonjwa hajui asemalo, na kwamba mdogo wangu hawezi kulala kwenye tope mvua zikija. Tulivutana siku mbili. Nikashinda, kama kawaida yangu. Nilitafuta mafundi, na vigae vyeupe nikavichagua mwenyewe, vile vinavyofutika kwa kitambaa.

Alhamisi wifi alinitolea sanduku la madaftari ya marehemu ili nipate tarehe za kuandika hapa. Madaftari yote ni ya matangi, kasoro moja lenye jalada la kijani lililoandikwa "Mtaro". Nawasomea ukurasa wa kwanza kama ulivyo.

"14 Mei 1990. Wa Tisa amehama. Amehamishwa na Dada, kwa karai. Pua imeonekana saa kumi na moja na nusu jioni, hatua nne kutoka mlango wa jiko, upande wa kivuli, matope laini. Mzima kabisa. Kituoni nitasema nilisahau kufunika. Dada asiambiwe kuwa najua. Akijua atakuja kila wiki kumwomba samaki msamaha, na mkunga hapendi kelele."

Alijua siku ile ile. Nilikaa sakafuni kwenye kile chumba nikalia mpaka wifi akaja kuniuliza nimeona nini. Nikampa daftari. Akasoma, akacheka, akakaa chini akalia na yeye.

Mwezi wa sita ameandika: "Chuo nimekosa. Lakini sasa ninaye mkunga ambaye hakuna aliyempangia pembe nne. Amejichagulia mwenyewe." Basi akawa anamtazama, mwaka baada ya mwaka. Shimo limesogea kiasi gani, mvua zikija anazama urefu gani, viluwiluwi vya mbu amekula vingapi. Tarehe 3 Agosti 1996: "Dada yupo. Amemwaga maji ya kuoshea mchele mtaroni. Wa Tisa ametoa kichwa chote. Mimi hajawahi kunifanyia hivyo."

Na ukurasa wa mwisho, Aprili 2009, baada ya zile mvua kubwa: "Shimo halina mtu. Nimetazama siku kumi. Safari hii hamna kweli. Ameshika njia ya baharini kwenda kuzaa, ndivyo walivyo wakikomaa, na hawarudi. Miaka kumi na tisa nyuma ya jiko langu, na nimejifunza kwake kuliko matangi yote. Ningependa kumshukuru Dada, ila sijui nitaanzia wapi."

Hata mimi sikujua nianzie wapi, ndugu zangu. Tulikuwa watu wawili wazima, tumekaa meza moja, tunapasiana chumvi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na dada mmoja. Ameacha pia matangi yenye vibao, mita sita za matope, na huko baharini wapo watoto wa Wa Tisa, idadi haijulikani.

Sasa nawaomba wale mafundi wawili waliosimama karibu na lango na mifuko yao ya saruji. Sikuwaambia mapema kwa kuwa nilitaka kulisema mbele ya watu. Ndugu zangu, samahanini, rudini nyumbani, na vigae mrudishe. Kaburi hili litabaki udongo. Nimeushika mwenyewe asubuhi: ni laini, na unashikana. Wifi, umeshinda, na usizoee.

Mdogo wangu, lile karai nililimwaga mimi, na mkia niliuona. Nisamehe. Pumzika kwa amani hapo ulipopachagua. Nitakuja kila wiki, na nakuahidi sitapiga kelele.